Sanduku la Mpiga Besi

Siku tuliyomzika kule Msimbu, mzee mmoja alisimama uani akawaambia watu kwamba marehemu alikuwa mkulima hodari wa mihogo. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nimekaa mkekani karibu na mjane, kwa hiyo sikuweza kutoka kumjibu. Lakini ni uongo. Mihogo yake ilikuwa myembamba kama vidole vyangu, na kila mwaka nguruwe mwitu walikula nusu kwa sababu hakupenda kulinda shamba. Jembe alilishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Yule mzee aliyajua hayo. Wote waliokaa uani waliyajua. Walichokwepa kusema ni kwamba mtu waliyekuja kumzika alipiga gita la besi kwenye baa kwa miaka mingi, na kwamba kati ya Kibaha na Kisarawe sijapata kumsikia aliyelipiga vizuri kuliko yeye.

Mimi nilikuwa mhudumu wa baa pale Misugusugu, kando ya barabara kuu. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kazi ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado maneno ya redioni, nikaendelea hadi watu walipohamishwa, hadi miaka ya foleni za sukari na sabuni. Muda wote huo nilimwona kila Jumapili mchana, maana bugi letu lilikuwa la mchana: watu wakicheza kuanzia saa nane, jua likizama wanakwenda kwao, kesho kazini.

Haikuwa bendi ya kuajiriwa. Mpiga solo alikuwa karani, mpiga tumba alikuwa fundi baiskeli, mwimbaji aliuza nguo, naye mpiga besi alikuwa fundi wa pampu ya maji. Magita yalikuwa ya mwenye baa. Nyimbo hawakutunga. Walipiga kopi za bendi kubwa za mjini na za Kongo, zile zilizopigwa redioni, na mara moja moja walipanda lori la mkaa wakaenda kuzipiga Kisarawe kwenye baa ya pale sokoni.

Msomaji aliyezoea kanda atauliza, walizijuaje? Walizisikiliza wimbo ukipita, na wimbo ulipita mara moja, ukitaka tena usubiri wiki. Kwa hiyo waligawana. Wimbo ukianza, mwimbaji anakamata maneno, karani anakamata solo, fundi baiskeli anakamata mdundo, na mtu haruhusiwi kusikiliza cha mwenzake. Mpiga besi alikuwa na shida kuliko wote, kwa sababu redio ndogo haitoi besi. Inatoa sauti za juu kama nyuki kwenye kopo. Basi aliuchukua mtungi mkubwa wa mke wake, akamwaga maji, akaiteremsha redio ndani kwa kamba, akainama na sikio mdomoni mwa mtungi. Kule chini besi ilirudi. Mwenye baa alipomwona mara ya kwanza alisema, "Huyu anaongea na majini." Wimbo ulipokwisha aliinua kichwa, shavu limejichora duara la mtungi, akasema, "Nimeipata."

Hakunywa pombe. Alikuja baa, akapangusa kiti kwa leso yake mwenyewe, akaniambia, "Dada, chai ya rangi, na usinitilie tangawizi ya jana." Walevi aliwachukia. Mlevi akimwekea mkono begani aliutoa kwa vidole viwili, kama anayetoa kiwavi. Siku moja nilimuuliza, "Kaka, kama hupendi walevi, unapiga baani ya nini?"

"Msikitini wataniruhusu?" akasema.

Na msikitini alikwenda, kila Ijumaa, kanzu imepigwa pasi. Mwezi wa Ramadhani gita alilitundika ukutani uso ukiwa umegeuzwa, na nyumbani kwake hata kupiga mluzi alikataza. Lakini mke wake aliniambia kwamba akilala mchana kwa swaumu, vidole vya miguu vilikuwa vinacheza chini ya shuka.

Sitampamba. Alikuwa mkali bila sababu. Alimfokea mpiga tumba katikati ya wimbo, mchumba wake akiwa amekaa meza ya mbele, kwa kosa la kukimbiza mdundo. Sijamsikia hata siku moja akimsifu mtu. Watoto wake walikwenda shule miguu mitupu wakati yeye anahangaika mjini kutafuta nyuzi. Mke wake alivumilia mengi, na yapo ambayo hakupaswa kuvumilia.

Hili la kitanda ni mojawapo. Besi ilihitaji spika yake, na spika ilihitaji sanduku zito. Mbao za kawaida zilitikisika zikapiga kelele. Akatafuta mninga, hakupata. Siku moja mke wake kaenda kwao Janga kumuuguza mama yake, akarudi akakuta mahali pa kitanda pana mkeka tu. Kitanda kilikuwa cha mninga. Kilikuwa kile walichopewa na wazazi siku ya harusi. Sasa kilikuwa sanduku, limesimama pembeni, limepakwa mafuta, lina tundu kubwa mbele na tundu dogo nyuma la kupitishia waya.

"Nikamuuliza," mke alinisimulia, "mume wangu, tutalala wapi? Akasema, njoo kwanza usikie."

"Ukasikia?"

"Nikasikia. Kisha nikarudi Janga mwezi mzima."

Alipomaliza hasira alirudi, na walilala mkekani hadi mume alipochonga kitanda kingine cha mbao mbaya. Lakini Jumapili ya kwanza ya sanduku lile mimi nilikuwepo, nimebeba trei. Nilisimama. Sauti haikuja masikioni, ilipanda kutoka sakafuni, ikapita kwenye ndara zangu. Chupa zilitikisika kwenye trei. Watu walioapa kwamba hawachezi waliinuka. Yeye mwenyewe alisimama nyuma karibu na ukuta, uso kama anasubiri basi. Alikuwa na msemo wake: "Mwimbaji anaimba ili watu wamtazame. Mimi napiga ili watu watazamane." Na ni kweli walitazamana. Nimeona ndoa ngapi zikianzia pale.

Watu walidhani mimi ni hawara yake. Sikuwa. Kuna wakati angeuliza ningekubali, lakini hakuuliza, na baadaye nikafurahi, kwa sababu mke wake alikuja baa siku moja mchana, akakaa, akaagiza soda, akanitazama mpaka ikaisha, kisha akasema, "Si wewe. Ni lile sanduku." Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki.

Sasa mwimbaji. Alikuwa mzuri wa sura, shati limefunguliwa vifungo viwili, na sauti yake, haki yake nimpe, ilikuwa tamu. Nyimbo za Kongo aliziimba bila kujua neno. Alibuni. Kuna dereva wa lori wa Kigoma aliyeijua lugha ile ya Kongo, siku moja alicheka hadi bia ikamtoka puani. "Ndugu yangu, unaimba nini?" Mwimbaji akamjibu, "Mapenzi." Dereva akasema, "Umesema mbuzi, ukasema tena daraja, mapenzi sijayaona." Baa nzima ilicheka, na mwimbaji alicheka pia. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu anayetaka kila aliye mbele yake ampende, hata kama ni kwa dakika tano, na mtu wa namna hiyo usimpe siri wala usimfanye shahidi.

Yeye na mpiga besi ndio walioianzisha bendi. Mbao za kitanda walizibeba pamoja kutoka chumbani, mmoja huku mmoja kule. Shikilieni hilo.

Pale petu palikuwa na katibu mmoja wa chama, hayupo tena, na jina lake halitanifaa kitu. Alipenda mikutano, na alipenda sauti yake ifike mpaka ng'ambo ya barabara. Akasikia kuna spika kubwa kuliko zote. Akaiazima. Mpiga besi akaitoa, kwa heshima. Walichomeka kipaza sauti, wakapandisha sauti mpaka mwisho ili wa kule mbali wasikie, na katibu akapiga kelele zake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sanduku lilirudi karatasi ya spika imechanika. Mpiga besi aliishona kwa vipande vya karatasi ya mfuko na uji mzito wa muhogo, akaikausha kivulini kwa subira ambayo watoto wake hawakuijua. Wakaliazima tena. Likarudi limechanika zaidi. Akashona tena.

Mara ya tatu alikataa.

Kwa wakati ule kukataa hakukuwa jambo dogo. Walimwita kwenye mkutano, ndani ya darasa la shule ya msingi, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bendi yote iliitwa. Mimi nilikuja kwa sababu sikuitwa.

"Ndugu," katibu akaanza, "sanduku lile ni la bendi au ni lako?"

"Ni langu."

"Bendi ni ya nani?"

"Ya wananchi wa hapa."

"Sasa ndani ya bendi ya wananchi kuna mtu ana chake? Sisi tunajenga kijiji, yeye anajenga sanduku?"

Watu wakacheka. Yeye akasema, polepole, kama anavyomweleza mtu kuhusu pampu, "Lile ni la besi. Si la kusemea. Mtu akipigia kelele mle, karatasi inachanika. Nimeshona mara mbili."

"Kwa hiyo maneno yangu yanachana spika?"

"Hata yangu yangechana."

Hapo hakucheka mtu. Katibu aligeuka kwa mwimbaji, akamwekea uso wa upole. "Wewe ndugu yangu, ndiye kiongozi wa bendi. Tuambie ukweli. Sanduku ni la nani?"

Neno moja tu lilihitajika. Mikono yake ilizibeba zile mbao. Akainuka, akaweka shati sawa, akatutazama sote, akaona nyuso nyingi zinasubiri kumpenda.

"Ni la wote, Ndugu Katibu," akasema. "Sisi katika bendi hatuna changu na chako."

Wakampigia makofi. Karani alitazama sakafu. Fundi baiskeli alitazama dirisha. Wote wawili walilijua sanduku, wote wawili walikuwa wamealikwa kuja kulisikia siku lilipokwisha kupakwa mafuta.

Nikasimama mimi. Nikasema, "Ni lake. Zile mbao ni za kitanda chake."

Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya darasa: "Dada, kitanda chake wewe umekijulia wapi?"

Darasa lililipuka. Watu walipiga madawati. Katibu alitoa leso akajifuta machozi. Na mwimbaji alicheka. Nilimwona kwa macho yangu mawili, meno yote nje. Ukweli ulikuwa umeshasemwa mle ndani, kwa sauti, mbele ya watu wote, na haukusaidia kitu kwa sababu umesemwa na mwanamke wa baa.

Mpiga besi hakucheka na hakunitazama. Alisubiri kelele zishuke, akasema, "Naomba ruhusa. Nimeacha pampu inafanya kazi." Akatoka.

Sanduku lilibebwa siku ileile. Gita akamrudishia mwenye baa, limefutwa, nyuzi zimelegezwa. Kabla ya mvua za vuli alikuwa amehama, yeye na mke na watoto, kwenda kwao Msimbu, kulima mihogo ile mliyoisikia ikisifiwa.

Katibu alilimaliza sanduku haraka. Likachanika hadi likakosa cha kushona, wakaliweka ofisini, wakaweka mtungi wa maji ya kunywa juu yake.

Na bendi iliendelea! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Besi walimpa kijana mmoja aliyenyonyoa nyuzi kama ananyonyoa kuku. Watu walikuja, wakakaa. Mwenye baa alisimama katikati ya ukumbi akawauliza, "Bia ni ileile, nyimbo ni zilezile, mbona mmekaa?"

"Hatujui, mzee," mteja mmoja akamjibu. "Miguu haitaki."

Mimi nilijua. Nilimwambia mwenye baa. Akasema, "Besi? Ile mbona haisikiki?"

Miaka ikapita hivyo. Katibu akahamishwa. Mwimbaji akaanza kuota mvi na bado vifungo viwili wazi. Siku moja alinifuata jikoni.

"Dada, nenda Msimbu. Mwambie arudi. Wewe atakusikiliza."

"Nenda mwenyewe."

"Nitamtazamaje?"

Basi alikuwa anajua. Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Nikamwambia, "Ni rahisi. Jumapili shika kipaza sauti, useme lile sanduku lilikuwa lake. Kisha tutakwenda wote."

"Mambo ya zamani hayo, dada. Katibu mwenyewe hayupo."

"Kama hayupo, unaogopa nini?"

Alitengeneza kola yake, akatoka.

Nilikwenda, lakini si kwa ajili yake. Wakati ule ofisi ilikuwa inaezekwa upya, na takataka zake zilitupwa nyuma. Nilikwenda kuchungulia. Sanduku lilikuwa pale, limelala kifudifudi, mbele mchwa wamekula yote. Lakini mninga ni mninga. Ubao wa nyuma ulikuwa mzima, na tundu lake dogo la waya. Niliung'oa kwa jiwe. Nikaufunga kanga, nikapanda basi hadi mjini, lori hadi Kisarawe, na kutoka hapo kwa miguu, ubao kichwani kama mwuza samaki.

Nilimkuta anaanika makopa ya muhogo, amevaa shati lililokatwa mikono. Alikuwa amekonda. Kikohozi kilikuwa kimeshamwingia kifuani.

"Karibu dada. Umekuja na ubao, unahamia?"

"Najua una shida ya mbao hapa."

Mke wake akaacha kinu, akaja, akaufungua kanga. Aliupapasa mara moja tu. "Huu ni wa upande wa ukutani," akasema. "Upande wangu." Akakaa chini kwenye mchanga, akaupakata.

Yeye aliinama, akatia kidole kwenye tundu la waya, akakiacha humo muda. Kisha akauliza, "Mwimbaji amesema lilikuwa langu?"

"Hajasema. Amenituma nikuite."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Tukanywa chai, haikuwa na sukari. Akauliza, "Ule wa Kongo bado anauimba?"

"Anauimba."

"Bado mbuzi na daraja?"

"Bado."

Hapo alicheka, hadi kikohozi kikamshika na mke akamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Mwambie aushushe. Anauanzia juu kama kijana. Umri umekwenda, atakata sauti mbele za watu."

Nilikasirika. Nilisahau kwamba niko kwa watu. "Kaka! Mtu amekunyang'anya kitanda na kazi na jina lako, na wewe unafikiria koo lake?"

"Koo lake silifikirii," akasema. "Naufikiria wimbo. Wimbo haujanikosea."

"Basi rudi uupige."

"Akisema, nitarudi. Hata leo jioni. Asiposema, nina makopa yangu."

Na aliinuka akaenda kuyageuza, vibaya, mengine yakadondoka nje ya mkeka, mke akayaokota.

Ujumbe ule sikuufikisha. Nilimwacha mwimbaji auanzie juu, na baada ya wiki kadhaa alikata sauti Jumapili ukumbi umejaa, akabaki na mdomo wazi. Sijutii.

Hakusema neno lile Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Mvua za masika zilipoanza, habari ikaja kwamba mpiga besi amefariki.

Mwimbaji alikuja mazishini. Nilimwona kupitia mlangoni, kavaa kofia ya kufumwa, amekaa mbele. Mzee aliposema marehemu alikuwa mkulima hodari wa mihogo, yeye alitikisa kichwa kukubali.

Kisha mtu mmoja akaja mlangoni kwa adabu. Wachimba kaburi wamepungukiwa ubao mmoja wa kufunikia mwanandani, akauliza kama ndani upo wowote. Mjane hakufikiri. "Uko chini ya kitanda," akasema. Nikautoa mimi, nikampa.

Yule mtu aliugeuza kwenye mwanga. "Mama, huu una tundu. Mchanga utapita."

"Pelekeni hivyohivyo."

Uani mwimbaji aliinuka kusaidia kubeba, maana alipenda kuonekana akisaidia. Alishika upande wake kwa mikono miwili, akatazama chini, akaliona tundu. Akasimama. Aliyeshika upande wa pili akasimama pia, akimsubiri. Watu wote walikuwa pale, wa Msimbu na wa Misugusugu, karani na fundi baiskeli, na palikuwa kimya kiasi kwamba hata kipaza sauti kisingehitajika.

Nilisogea hadi kizingitini ili nisikie.

Akaubeba, wakaenda nao.